Kakontwe na Ufunguo wa Mbali: Historia Fupi ya Huduma Zilizokatika Likasi

Historia ya mawasiliano katika Katanga imezoea kuandikwa kama historia ya kuwasili. Reli iliwasili Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, tarehe 27 Septemba 1910, ikafika Kambove mwaka 1913. Umeme wa maporomoko ya mto Lufira ulianza kutumika mwaka 1930. Simu ya mkononi ilienea baada ya mwaka 2000. Ni nadra historia hiyo kutazamwa kutoka upande wa pili, yaani kutoka siku ambazo huduma hizo zilikoma. Hata hivyo, mtu atakaye kujua wakazi wa mahali fulani walitegemea nini, na kwa kiasi gani, hana budi kuzichunguza siku hizo. Kitu kifanyacho kazi kila siku husahaulika. Kikikatika ndipo hujulikana kilikuwa kimebeba nini, na ni nani aliyekuwa ameshika ufunguo wake.

Makala haya yanalitazama jambo hilo kutoka Kakontwe, kando ya mji wa Likasi, katika jimbo la Haut-Katanga. Kiini chake ni siku ishirini, tangu tarehe 31 Desemba 2018 hadi 20 Januari 2019, ambapo intaneti ilikatwa katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo nzima. Inadaiwa hapa kwamba utegemezi uliodhihirika siku hizo haukuwa mgeni kwa watu wa Likasi. Wazee wao na wazazi wao walikwisha kuonja kukatikiwa na huduma itokayo mbali. Jambo jipya lilikuwa kwamba, safari hii, njia za akiba zilikuwa zimekwisha kutoweka.

Kampuni, poso na umeme

Jina la Kakontwe linajulikana na wanajiolojia kuliko na wanahistoria. Mawe ya chokaa ya Kakontwe ni tabaka maarufu katika miamba ya Katanga. Ndiyo yanayobeba pia madini ya zinki na shaba ya Kipushi. Kwa watu wa Likasi, hata hivyo, Kakontwe ni kwanza machimbo ya chokaa. Viwanda vya shaba huhitaji chokaa, kwa kuwa husaidia kuyeyusha mawe tanurini na kuipunguza nguvu asidi. Kwa sababu hiyo Kakontwe ilifungwa mapema katika mnyororo mmoja na viwanda vya Panda na Shituru. Machimbo hayangeweza kujiendesha peke yake: yalingoja viwanda, viwanda vilingoja umeme na reli, na vyote vilingoja uamuzi wa wakurugenzi wa Union Minière du Haut-Katanga, shirika lililoundwa mwaka 1906 na kuwa na makao makuu mjini Brussels. Mji wenyewe uliitwa Jadotville, kwa jina la mmoja wa wakuu wa shirika hilo, Jean Jadot, mpaka mwaka 1966.

Mwishoni mwa miaka ya 1920 shirika lilianza siasa ya kuwatuliza wafanyakazi kambini pamoja na wake zao na watoto wao. Tangu wakati huo mfanyakazi hakupewa mshahara tu. Alipewa nyumba, matibabu, shule ya watoto, na chakula kilichogawanywa kwa vipimo, ambacho Kiswahili cha Katanga hukiita poso. Mwaka 1929 kiwanda cha kusafisha shaba kwa umeme kilifunguliwa Shituru, na mwaka uliofuata kituo cha umeme cha Mwadingusha, wakati huo kikiitwa Francqui, kilianza kufanya kazi kwenye mto Lufira. Vituo vya Koni, Nzilo na Nseke vilifuata katika miaka ya 1950.

Huduma hizi zilikuwa za kweli na ziliokoa maisha ya wengi. Lakini zilikuwa na sifa moja ambayo haina budi kukumbukwa: hakuna hata moja iliyokuwa mikononi mwa mtumiaji wake. Poso ilitolewa kwa mwenye kazi, ikakoma kazi ilipokoma. Nyumba ilikuwa ya kampuni. Umeme ulizalishwa kwanza kwa ajili ya shaba, na nyumba za watu zilipata kile kilichobaki. Mwanahistoria Donatien Dibwe dia Mwembu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi aliiweka hali hiyo katika jina la kitabu chake cha mwaka 2001, kisemacho habari za wana wa Shaba walioachwa na baba yao. Baba huyo ni kampuni.

Baba alipoondoka

Tarehe 1 Januari 1967 mali za Union Minière zilikuwa zimekwisha kutaifishwa, na baada ya kubadilishiwa majina zikawa Gécamines. Kwa muda wa miaka ishirini hivi baba mpya aliendelea na desturi za baba wa zamani. Mwaka 1986 Gécamines ilizalisha tani zipatazo 476,000 za shaba. Mwezi Septemba 1990 sehemu ya mgodi wa Kamoto, karibu na Kolwezi, iliporomoka; mwaka 1993 uzalishaji ulikuwa umeshuka chini ya tani 50,000. Mishahara ilianza kuchelewa kwa miezi, poso ikapungua, dawa zikaadimika hospitalini.

Katika miaka hiyohiyo mji wa Likasi ulipata jeraha jingine. Mwaka 1992 na 1993 wakazi wenye asili ya Kasai walifukuzwa Katanga, na maelfu yao walikaa stesheni ya Likasi wakingoja treni ambayo mara nyingi haikuja. Jamaa ziligawanyika: mume huku, wazazi kule, watoto njiani. Wakati huo ndipo haja ya kupashana habari ilipokuwa kubwa kuliko wakati mwingine wowote, na ndipo posta na simu za serikali zilipokuwa zimekufa karibu kabisa.

Lililojitokeza baada ya hapo lina maana kubwa kwa hoja ya makala haya. Watu walijitengenezea njia. Redio za mawimbi mafupi, ambazo Wakongo waliziita foni kutokana na neno la Kifaransa phonie, zilifungwa katika nyumba za wafanyabiashara, misheni na ofisi za usafirishaji. Mtu alifika, akalipa, akatoa jina la amwitaye. Upande wa pili mjumbe alitumwa kumtafuta mtu huyo mtaani, na saa iliyopangwa wote wawili wakasemezana mbele ya watu wengine waliokuwa wakingoja zamu. Kwa njia hiyohiyo fedha zilihamishwa: mtu aliweka fedha mji mmoja, msimamizi wa foni akasoma kiasi na neno la siri, na mwenzake wa mji mwingine akalipa. Barua zilipelekwa na madereva wa malori, wasafiri wa treni, watawa na wafanyabiashara wa unga.

Njia hizo zilikuwa za polepole, zenye gharama, na hazikuwa na siri. Lakini zilikuwa nyingi, na kila moja ilikuwa na mwenyewe aliyejulikana kwa sura. Foni ya mtaa mmoja ikiharibika, ya mtaa wa pili ilisikika. Hakuna mtu mmoja, Kinshasa wala Brussels, aliyeweza kuzizima zote usiku mmoja.

Kutoka foni hadi mtandao

Simu ya mkononi haikuwa ngeni kabisa nchini. Kampuni ya Telecel iliyoanzishwa na Miko Rwayitare ilifanya kazi Kinshasa tangu miaka ya 1980, lakini bei yake iliifanya iwe chombo cha wakubwa. Mabadiliko ya kweli yalikuja na Celtel mwaka 2000 na Vodacom mwaka 2002. Yafaa tarehe hizi zilinganishwe na nyingine. Kuanzia mwaka 2003, kwa fedha zilizotoka Benki ya Dunia, Gécamines iliwaondoa kazini watu 10,655 katika mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari. Hivyo basi, katika miji ya shaba, mtandao wa simu uliingia wakati uleule baba wa zamani alipokuwa akifunga mlango. Mtu aliyekwisha kupoteza kazi, nyumba na poso alipata simu. Na wengine wengi walipata riziki kwa kuuza inite, kama yanavyoitwa salio za kupigia simu, kando ya barabara.

Tarehe nyingine zikafuata. Mwaka 2011 serikali ilianza kuwalipa watumishi wake kupitia benki. Mwezi Novemba 2012 huduma ya kutuma fedha ya M-Pesa ilizinduliwa nchini. Mwaka 2013 mkonga wa baharini uitwao WACS, unaotoka Afrika ya Kusini hadi Ulaya, ulianza kutumika Muanda, kwenye pwani fupi ya Kongo, na bei ya intaneti ikaanza kushuka. Ada ya shule, habari ya msiba, bei ya magendo ya mahindi, picha ya mtoto mchanga, mahubiri, agizo la bidhaa kutoka Kasumbalesa: yote yakahamia katika simu ileile.

Kila hatua ilikuwa nafuu ya dhahiri. Hakuna aliyelazimishwa kuiacha foni. Iliachwa kwa sababu simu ilikuwa bora, na mwenye foni akaona hasara, akaufunga mtambo wake. Posta nayo haikufufuka. Kwa namna hii njia nyingi mbovu zilibadilishwa na njia moja nzuri. Katika hesabu ya kila siku hiyo ilikuwa faida tupu. Hasara yake haikuonekana mpaka siku ya kukatika.

Siku ishirini

Kukatika huko kulikuwa na utangulizi. Mwezi Januari 2015, wakati wa maandamano ya kupinga mabadiliko ya sheria ya uchaguzi, intaneti ilifungwa, na ile ya simu za mkononi ilirejea mwezi Februari tu. Mwezi Desemba 2016, muhula wa pili wa Rais Joseph Kabila ulipokwisha bila uchaguzi, mitandao ya kijamii ilizuiwa. Tarehe 30 Desemba 2017 intaneti na ujumbe mfupi vilikatwa tena kabla ya maandamano ya Wakatoliki walei. Msingi wa kisheria ulikuwapo: sheria ya mawasiliano ya tarehe 16 Oktoba 2002, katika kifungu chake cha 46, iliiruhusu serikali kuzuia matumizi ya mawasiliano kwa ajili ya usalama wa umma. Sheria hiyo ilitungwa wakati simu ilikuwa bado mapambo ya wachache. Ilipokuja kutumika, kilichozuiwa kilikuwa maisha ya kila siku ya mamilioni.

Uchaguzi ulifanyika tarehe 30 Desemba 2018. Kwa mujibu wa sheria, matokeo ya kila kituo hubandikwa hapohapo kituoni, na wakati huo raia yeyote mwenye simu aliweza kuyapiga picha na kuyatuma. Kesho yake intaneti ilikatwa. Ujumbe mfupi nao ukazuiwa. Mshauri wa rais, Barnabé Kikaya bin Karubi, alieleza kwamba hatua hiyo ilichukuliwa kulinda utulivu, kwa kuwa matokeo ya uongo yalikuwa yakienezwa. Redio ya Kifaransa RFI, inayosikilizwa na watu wengi nchini, ilinyamazishwa katika masafa yake ya FM. Tarehe 3 Januari 2019 Baraza la Maaskofu, lililokuwa limetawanya waangalizi wapatao 40,000, lilitangaza kwamba takwimu zake zilionyesha mshindi mmoja, bila kumtaja jina. Tume ya uchaguzi ilimtangaza Félix Tshisekedi tarehe 10 Januari. Martin Fayulu akapinga. Mahakama ya Katiba ikayathibitisha matokeo usiku wa kuamkia tarehe 20 Januari. Siku hiyo hiyo ya 20 intaneti ilirejeshwa.

Ukatikaji huo haukuwapata wote sawasawa. Mkazi wa Goma aliweza kununua kadi ya simu ya Rwanda na kushika mawimbi ya ng'ambo ya mpaka. Wa Kinshasa aliweza kusogea ukingoni mwa mto na kushika ya Brazzaville. Kampuni kubwa zenye mitambo ya satalaiti ziliendelea kuzungumza na nje. Likasi iko kiasi cha kilomita 120 kutoka Lubumbashi, na kutoka Lubumbashi hadi mpaka wa Kasumbalesa ni karibu kilomita 90 nyingine. Mtu wa Kakontwe hakuwa na mpaka wa kuukimbilia wala satalaiti. Aliachiwa sauti peke yake, kwa maana simu za kuzungumza hazikukatwa.

Hapo ndipo tofauti kati ya miaka ya 1990 na mwaka 2019 inapoonekana wazi. Sauti ilitosha kwa salamu na msiba. Haikutosha kwa hati, picha, orodha ya bei wala ushahidi. Mtu aliyeona karatasi ya matokeo mlangoni mwa kituo aliweza kumsomea nduguye tarakimu kwa simu, lakini hakuweza kumwonyesha. Na habari isiyoweza kuonyeshwa, katika siku za mashaka, ni sawa na uvumi. Serikali ilisema inazuia uongo. Kwa kitendo kilekile ilizuia pia njia ya kuutambua uongo huo. Na mtu aliyetaka kurudi katika foni hakuikuta: mtambo ulikwisha kuuzwa, msimamizi amehama, na mjumbe wa mtaani aliyemjua kila mtu kwa jina hakuwapo tena.

Lililobaki na kufanya kazi lilikuwa lile lililokuwapo kabla ya yote. Waangalizi wa Kanisa walipangwa kwa parokia na majimbo, na mpangilio huo haukutegemea intaneti ili uwepo. Mabasi na malori ya barabara ya Lubumbashi yaliendelea kubeba maneno pamoja na mizigo. Redio Okapi ya Umoja wa Mataifa, iliyoanzishwa mwaka 2002, iliendelea kuwa kimbilio la wasikilizaji.

Tope na kosa la mbali

Ingekuwa makosa, hata hivyo, kudhani kwamba ufunguo wa mbali unashikwa na watawala peke yao. Mwaka mmoja tu baada ya siku zile ishirini, katikati ya Januari 2020, mkonga wa WACS ulikatika bila amri ya mtu. Mafuriko makubwa ya mto Kongo ya mwisho wa mwaka 2019 yalikuwa yamemimina mchanga na matope kwenye korongo lililo chini ya bahari, mbele ya mdomo wa mto. Matope hayo yaliporomoka na kusafiri zaidi ya kilomita 1,100 kwenye sakafu ya bahari, yakaikata mikonga ya WACS na SAT-3. Mwezi Agosti 2023 mikonga hiyohiyo miwili ilikatika tena katika korongo lilelile. Wala jambo hilo si geni: waya wa telegrafu uliolazwa mwaka 1886 kati ya São Tomé na Luanda ulikatika mara nyingi mbele ya mdomo huo kwa sababu hiyohiyo.

Maji ya Lufira, yanayozungusha mitambo ya Mwadingusha, huingia Lualaba, na Lualaba ndio mto Kongo wenyewe. Kwa hiyo mto uliompa mtu wa Likasi umeme wa kuchajia simu ni sehemu ya mto uliomkatia mtandao baharini. Mtu hana wa kumlaumu hapo. Lakini hana pia wa kumwomba.

Aina ya tatu ya ukatikaji ilitokea tarehe 4 Oktoba 2021. Kosa la mafundi wa kampuni ya Facebook wakati wa matengenezo liliiondoa mitambo yao katika mtandao wa dunia, na WhatsApp ikanyamaza kila mahali kwa muda wa saa sita hivi. Mafundi wenyewe walipata taabu kuirekebisha, kwa kuwa vyombo walivyotumia kazini vilitegemea mtandao uleule ulioanguka. Kwa mara moja mafundi wa Kalifornia na mama wa Kakontwe walikuwa katika hali ileile: wote walikuwa wameweka kila kitu katika njia moja.

Amri, tope na kosa ni sababu tatu zisizofanana. Kwa mtumiaji wa Likasi zina uso mmoja: rezo imepotea, na hakuna wa karibu awezaye kuirudisha. Ndivyo ilivyokuwa pia poso ilipokoma.

Hitimisho

Yaliyoelezwa hapa hayamaanishi kwamba miaka ya foni ilikuwa bora. Ilikuwa miaka ya njaa na utengano, na hakuna aliyeipitia angependa irudi. Wala hayamaanishi kwamba huduma ya mbali ni mbaya kwa kuwa ni ya mbali. Shule na hospitali za kampuni zilitoka mbali, na vizazi vilikua kwazo. Linalodhihirika ni kwamba ubora wa huduma hupimwa kwa namna mbili. Ya kwanza ni jinsi inavyofanya kazi siku za kawaida, na kwa kipimo hicho mtandao umeshinda kila kilichoutangulia. Ya pili ni kile inachokiacha siku inapokoma. Kwa kipimo hiki cha pili historia ya Likasi ina ushahidi mzito: kampuni ilipoondoka iliwaacha watu ambao bado waliweza kujitengenezea njia, lakini mtandao ulipozimwa uliwakuta watu walewale wakiwa wamekwisha kuziacha njia hizo.

Si lazima iwe hivyo. Orodha ya namba za jamaa iliyoandikwa kwenye daftari, akiba ndogo ya fedha mkononi, kituo cha redio cha mtaa, nakala ya hati kwenye karatasi, na sheria inayoitaka serikali ieleze mbele ya mahakama kabla ya kukata: hivi vyote ni vitu vidogo, na kila kimoja hurudisha sehemu ya ufunguo karibu na mlango. Kwa wanaokusanya masimulizi ya wazee wa Katanga, yafaa swali moja liongezwe katika madaftari yao. Pamoja na kuuliza huduma ilifika lini, waulize pia ilikatika lini, na siku hiyo watu walifanyaje.